Herufi AJS Zilikuwa za Nani?

SWALI: Mhariri, marehemu babu alituachia pikipiki ya Kiingereza aliyoinunua ikiwa mpya mwaka 1949, na kwenye tangi la mafuta zimeandikwa herufi AJS. Wazee nyumbani husema ni jina la mtu aliyeiunda. Je, ni kweli? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, kuhusu jina wazee wako wamesema kweli, ila pikipiki ya babu haikutoka mikononi mwa mwenye jina hilo.

Herufi hizo ni za Albert John Stevens, aliyezoeleka kwa jina la Jack, mtoto wa mhunzi Joe Stevens wa Wolverhampton, Uingereza. Yeye na ndugu zake Harry, George na Joe mdogo walianza kuunda injini kabla ya mwaka 1900, na kwa miaka kadhaa kazi yao ilikuwa kuwauzia injini watengenezaji wengine. Walipoanzisha kampuni yao ya pikipiki mwaka 1909, walichukua herufi za Jack kwa sababu kati yao ni yeye peke yake aliyekuwa na majina mawili kabla ya lile la ukoo. Kazi yenyewe ilikuwa ya wote.

Sifa waliipata katika mbio za pikipiki za TT za kisiwa cha Man, ambako mwaka 1921 Howard Davies, akiendesha AJS ya cc 350, alizishinda pikipiki za cc 500 katika mbio zao wenyewe, jambo ambalo halijarudiwa na pikipiki nyingine ya ukubwa huo.

Mwaka 1931 biashara ililemewa na madeni ikafungwa. Ninawaheshimu sana ndugu hawa kwa lililofuata: wadai walilipwa fedha zao zote. Jina la AJS lilinunuliwa na familia ya Collier ya London, wenye kampuni ya pikipiki za Matchless, hivyo akina Stevens waliporudi kuunda pikipiki mwaka 1934, iliwabidi waziite Stevens, nazo zikakoma mwaka 1938.

Kwa hiyo pikipiki ya babu iliundwa Plumstead, London, katika kiwanda kilekile cha Matchless, na mitambo yake karibu yote ni sawa na ya Matchless. Ikiwa ni ya silinda moja, tazama magneto (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche za kuwasha mafuta) ilipofungwa: kwenye AJS ya mwaka huo iko mbele ya silinda, na kwenye Matchless iko nyuma.