Kapu la ami: nilivyojifunza kuona umbo la msimbo

Programu yangu ya kwanza ya maana nilimwandikia ami, anayenunua samaki kwa manahodha hapa Lamu. Alitaka kujua kila jioni amepokea kilo ngapi. Nikaiandika, nikaiendesha, ikatoa 3. Kilo tatu! Na kwenye boksi la barafu mlikuwa na nguru mmoja anayezidi hizo peke yake. Ami akanitazama: "Mwanangu, hao wengine wameliwa na kompyuta?"

Kosa lilikuwa hili (mizani ni orodha ya kilo za kila samaki):

for kilo in mizani:
    jumla = 0
    jumla = jumla + kilo

Kila samaki akija, hesabu inafutwa na kuanza upya, hivyo kinachobaki ni uzito wa samaki wa mwisho tu. Mstari wa sifuri ulitakiwa ukae juu ya lupu, yaani ile sehemu inayorudiwa kwa kila samaki. Nilihangaika nao saa mbili nzima, maana kompyuta haikulalamika hata kidogo, na kila mstari nikiusoma naona uko sawa. Nilikuwa kama mtoto wa chuoni anayeanza alifu: herufi anazitaja zote, neno halimjii.

Wazee wanaocheza bao barazani hawasomi hivyo. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Ukizihesabu moja moja kutakucha. Mzee anatupa jicho, keshajua. Mwaka 1973 huko Marekani, William Chase na Herbert Simon waliwaonyesha wachezaji wa sataranji ubao kwa sekunde tano, kisha wakawaambia waupange tena kutoka kichwani. Bingwa alimwacha mbali mwanagenzi. Lakini kete zilipotawanywa ovyo, ubingwa ule uliyeyuka karibu wote. Mwaka 1976 Ben Shneiderman akakuta jambo kama hilo kwa waandishi wa programu: mistari ikivurugwa, uzoefu hausaidii.

Mimi nimeligeuza kuwa zoezi. Chukua msimbo mfupi, yaani maandishi ya programu, unaofanya kazi, mistari kumi hivi. Utazame dakika moja, ufunike, uuandike upya kwenye karatasi. Usitumie kompyuta, inakumalizia maneno, ukadhani unajua. Mkono unaposita, hapo ndipo umbo moja, yaani mistari inayofanya kazi moja kwa pamoja, linapoishia na jingine kuanza. Lipe jina, tena jina lako mwenyewe. La kwanza nililiita "kapu": weka kapu tupu nje, pitia samaki mmoja mmoja, tia, mwisho toka na kapu. Tangu hapo nayaona makapu kila mahali. Kuhesabu changu ni wangapi na tewa ni wangapi, kapu. Kuunganisha majina ya manahodha, kapu.

Kutafuta samaki mdogo kuliko wote nako ni kapu, ila hapo sifuri ni mtego. Ukianza na ndogo = 0, hakuna samaki atakayekuwa chini yake, na jibu litakuwa sifuri kila siku ya Mungu. Kapu hili huanza na samaki wa kwanza ndani. Kwa hiyo nikikutana na lupu yoyote sasa, kabla ya kusoma kilichomo, macho yanapanda mstari wa juu yake kutazama kapu limeanza na nini.

Daftari langu lina maumbo tisa. Ukurasa wa lupu ndani ya lupu umejaa mikwaruzo, sijalipatia jina. Ami anasema niliite dema, ule mtego wa samaki: samaki kuingia anajua, kutoka hajui.