Ramani ya nchi ya kubuni ianze na mvua

Vijana wengi wanaonitumia riwaya zao za fantasia huweka ramani ukurasa wa kwanza, na mara nyingi ramani hizo hufanana. Bahari iko magharibi, theluji iko kaskazini, katikati kuna msitu wa nchi za baridi, na juu ya kilima kuna ngome ya mawe. Mwandishi anaishi Morogoro au Kakamega. Nchi hiyo ameiazima kutoka kwenye ramani za wengine, ambao nao waliazima, kwa hiyo ukimuuliza kwa nini msitu uko pale hana jibu. Msomaji hulihisi pengo hilo hata kama hawezi kulitaja.

Nimechora ramani za nchi za kubuni kwa miaka mingi, za hadithi zangu na za watu wengine, na ushauri wangu wa kwanza haujabadilika. Acha pwani na mipaka ya falme kwanza. Jiulize mvua inatoka wapi, inanyesha wapi, na maji yake yanakwenda wapi. Ukiyajua hayo matatu utajua pa kuweka msitu, jangwa, mji na barabara, na utajua kwa nini watu wako wanapigana.

Kabla ya kuchora mlima, chora mshale wa upepo. Mimi nimekulia Korogwe, na milima ya Usambara ndiyo iliyonifundisha jambo hili. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi hupanda milima hiyo, hupoa, na kuangusha mvua. Ndiyo maana Amani ina misitu minene na mashamba ya chai. Ukivuka mlima na kushuka upande wa pili kuelekea mbuga ya Mkomazi, unakuta miiba, vumbi na mibuyu, kwa sababu upepo umefika huko ukiwa umeshamwaga maji yake. Kilimanjaro ni hivyo hivyo: Machame na Marangu, upande wa kusini, kuna migomba na kahawa, na kaskazini yake Amboseli ni kukavu. Lakini katikati ya ukavu huo wa Amboseli kuna vinamasi vya kudumu ambavyo tembo hushinda humo, kwa kuwa maji ya mlima hupita chini ya ardhi na kuibukia huko. Kwa hiyo ukitaka kinamasi katikati ya nchi kavu, unaruhusiwa kabisa. Tafuta tu mlima wa kukilisha.

Mito ndiyo inayoharibiwa zaidi kwenye ramani ninazotumiwa. Mito huungana, ni nadra sana kugawanyika. Kilombero na Luwegu hukutana na kuwa Rufiji, Ruaha Mkuu huingia mbele zaidi, na maji hayo yote hukaa katika mto mmoja mpaka karibu na bahari. Huko nchi ni tambarare, tope linatuama, na mto unatawanyika kuwa midomo mingi ndani ya mikoko. Hapo ndipo mahali halali pa mto kugawanyika. Mto unaopasuka katikati ya bara na kuishia kwenye bahari mbili utamshtua mtu yeyote aliyewahi kuchimba mfereji wa kumwagilia shamba.

Ukitaka kuona jinsi maji yanavyoweza kuipa nchi umbo, itazame Tanzania. Tone la mvua likiangukia Malagarasi litaingia Ziwa Tanganyika, litoke kwa mto Lukuga, lifuate Kongo hadi Bahari ya Atlantiki. Tone jingine likiangukia upande wa Kagera litapita Ziwa Viktoria, litoke Jinja na kushuka na Nile mpaka Mediterania. La tatu, likiangukia bonde la Ruaha, litafika Bahari ya Hindi. Na lipo la nne ambalo halifiki bahari yoyote: linaingia Eyasi au Rukwa na kukaukia humo. Nchi moja, njia nne! Mimi huuchora kwa penseli mstari ambapo maji yanagawana kabla sijagusa kitu kingine chochote, kisha nausoma kama siasa. Watu wanaofuata mto kwenda pwani moja watajifunza lugha na dini za pwani hiyo, na jirani zao walio nyuma ya kilima watageukia pwani nyingine.

Maziwa yana kanuni fupi. Ziwa huwa na mlango mmoja wa kutokea maji, au halina kabisa, na lisilo nao katika nchi ya joto aghalabu huwa la chumvi au magadi, kama Natron ambako heroe (flamingo) huzaliana. Umbo la ziwa nalo lina asili yake. Tanganyika ni refu, jembamba, na lina kina cha takriban mita 1,470 kwa sababu limelala ndani ya Bonde la Ufa. Viktoria ni pana, na kina chake cha juu kabisa ni kama mita 80 tu, kwa sababu limekaa kwenye bakuli la ardhi kati ya mikono miwili ya bonde hilo. Ukichora ziwa la duara lenye kina cha kuzimu, uwe na maelezo, labda volkano iliyobomoka.

Visiwa pia vina historia. Mkondo kati ya Unguja na bara hauna kina kirefu, na zamani bahari ilipokuwa chini kisiwa hicho kilishikana na bara. Ndiyo maana Unguja ilikuwa na chui wake. Pemba imezungukwa na kina kirefu, imejitenga muda mrefu zaidi, haikuwa na chui, lakini ina popo wake mkubwa asiyepatikana kwingine. Mwandishi mwenye mazimwi katika kisiwa kimoja na si katika kingine apime kwanza kina cha mkondo.

Sasa pwani, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu sisi tuna utajiri ambao waandishi wengi wa fantasia hawana. Kaskazi ilizileta jahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikazirudisha. Kalenda nzima ya biashara, ndoa na madeni ya miji yetu ya pwani ilifuata pepo hizo mbili. Na pepo hizo zilichagua miji. Chombo kilichotoka Arabuni kiliweza kufika Kilwa na kurudi ndani ya mwaka mmoja wa pepo, lakini kwenda mbali zaidi kusini kulikuwa na hatari ya kukwama mpaka msimu ujao. Dhahabu ya Sofala ilikuwa huko kusini zaidi, basi Kilwa ikawa mahali pa kuipokea na kuiuza. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alipofika mwaka 1331 aliukuta ni mji mkubwa na mzuri. Ukiitazama ramani bila kujua upepo, Kilwa ni kisiwa kidogo tu kama vingine. Ukiujua upepo, unaona kwa nini mji wa mawe ulijengwa pale.

Kwa hiyo katika nchi yako ya kubuni, amua upepo wa bahari unavuma wapi na kwa miezi mingapi, kisha pima chombo kinafika wapi kabla haujageuka. Hapo weka bandari tajiri. Kumbuka pia kwamba matumbawe hayastawi mbele ya mdomo wa mto, kwa sababu ya maji matamu na tope, kwa hiyo nafasi ya kupita chombo katika mwamba mara nyingi iko mkabala na mto au hori. Nahodha wako atalijua hilo, na adui yake asiye mwenyeji atapasua chombo.

Bara, kipimo ni mguu. Ramani nyingi za fantasia zina farasi kila mahali, na waandishi hawajiulizi kama farasi angeishi huko. Katika sehemu kubwa ya njia kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji mbung'o waliua wanyama wa mizigo, kwa hiyo pembe za ndovu, vitambaa na shanga vilibebwa kichwani na begani. Mdudu mmoja aliamua kwamba biashara ya nchi nzima itategemea wapagazi, na kwamba Wanyamwezi, waliokuwa mahiri katika kazi hiyo, watakuwa na nguvu na sifa njia nzima. Mimi huhesabu kilomita 15 hadi 20 kwa siku kwa msafara wenye mizigo ya kilo 30 hivi. Kila baada ya mwendo huo weka maji. Maji yakiwa machache, kama ilivyokuwa Ugogo, mwenye kisima ana mamlaka, naye atadai hongo, yaani ushuru wa kupita, kabla msafara haujanywa. Hapo tayari una mtawala, una ugomvi, una sura ya hadithi. Tabora yenyewe haikuhitaji mto mkubwa ili iwe mji: njia ya Ujiji na njia ya Karagwe ziliachana pale, na hilo lilitosha. Na usisahau chumvi. Watu walitoka mbali kufuata chumvi ya Uvinza kwa karne nyingi, wakati dhahabu haikuwa na kazi yoyote jikoni.

Jambo la mwisho lenye uzito ni hili: ndani ya dunia yako, nani aliyeichora ramani? Jakob Erhardt, mmisionari aliyeishi kwa muda Tanga, aliwauliza wafanyabiashara wa pwani kuhusu bara. Waliotoka miji mbalimbali, kila mmoja kwa njia yake, walimwambia kwamba safari yao iliishia kwenye maji makubwa. Yeye na Johannes Rebmann wakaunganisha maneno hayo, na ramani yao iliyosambaa Ulaya mwaka 1856 ikaonyesha bahari moja kubwa mno katikati ya bara, yenye umbo kama la konokono asiye na gamba. Walikuwa wameyameza Nyasa, Tanganyika na Viktoria katika ziwa moja. Kila msemaji alisema kweli, na jumla ikawa uongo. Ramani hiyo ilichangia kuwaleta wapelelezi Waingereza Burton na Speke mwaka 1857. Na huyo Rebmann, aliposema kwamba mwaka 1848 aliona theluji juu ya Kilimanjaro, msomi mmoja wa London, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika huku, alimpinga kwa miaka mingi.

Naipenda sana habari hii kwa sababu inakupa ruhusa ya kukosea kwa makusudi. Chora kwanza nchi yenyewe, sahihi, kwa ajili yako peke yako. Kisha chora ramani anayoishika mhusika wako: ya mfanyabiashara ikiwa na visima na hongo, ya mfalme ikiwa na majimbo asiyoyatawala, ya mgeni ikiwa na ziwa moja badala ya matatu. Tofauti kati ya ramani hizo inaweza kubeba riwaya nzima.

Mipaka nitaigusa kwa ufupi. Mpaka wa kale hufuata mto, mlima au pori lisilo na mtu. Mstari ulionyooka, kama ule uliochorwa kufuatana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, ukikatiza kutoka bahari hadi Ziwa Viktoria na kujipinda kando ya Kilimanjaro, ni kazi ya watu walio mbali. Ukiuweka, tuambie hao wa mbali ni akina nani. Majina nayo yarudierudie, maana watu huita mahali kwa kile wanachokiona, ndiyo sababu Mbuyuni ziko nyingi.

Kuhusu vifaa, penseli laini na karatasi zinatosha kwa muda mrefu. Krita ni programu ya bure na inafaa kwa kupaka rangi. Inkarnate na Wonderdraft, programu za kuchorea ramani, hurahisisha kazi, ila zina alama za milima na ngome zilizokwisha kutengenezwa, na alama hizo zitakurudisha kwenye nchi ya kuazima usipokuwa macho. Ukiweza, tafuta karatasi moja ya ramani ya skeli ya 1:50,000 ya wilaya unayoijua kwa miguu, ukae nayo jioni nzima ukifuata kontua, yaani mistari ya mwinuko, kwa kidole.

Ramani ikikamilika, mpe mtu asiyeijua hadithi yako. Mwambie ana mizigo kumi ya chumvi, ni mwezi fulani, anataka kuifikisha bandarini. Usimsaidie. Atauliza anywe maji wapi, mto huu una kivuko, upepo utakuwa umegeuka akifika, nani atamtoza. Andika maswali yote ambayo ramani haikuyajibu, kisha chukua penseli.