Wiki nzima melini Misri: kabini ya chini au ya juu?

Ndugu wa Jinja, umeuliza mambo matatu: uchukue kabini ya chini iliyo nafuu au uongeze pesa ulale juu, choo na umeme vikoje, na kama mama watoto asiyepiga mbizi anaweza kuja. Nimekaa wiki moja kwenye meli ya wapiga mbizi, ile mnayolala humo humo na kuzama kila siku, tulipandia Hurghada, pwani ya Misri kwenye Bahari ya Shamu, basi nakujibu kwa niliyoyaona. (Naandika "wapiga mbizi" kwa makusudi. Nikisema "wazamiaji", watu wa Mombasa watadhani tulijificha kwenye shehena kwenda Ulaya.)

Nianze na chumba. Tulikuwa wageni 22, wawili wawili. Mimi na mwenzangu wa Kisumu tulibana pesa, tukachukua chini, nyuma kabisa. Kabini yenyewe haina aibu: vitanda viwili vyembamba, kiyoyozi, bafu na choo humo humo, kidirisha cha duara kisichofunguka. Ubaya ni kwamba nyuma ya ukuta ndiko mashine ziliko. Jenereta haizimwi, na meli ikihama usiku kutoka mwamba mmoja kwenda mwingine unalala kama uko chini ya trela iliyowashwa kwenye foleni ya mpakani Malaba. Usiku wa pili nikabeba blanketi, nikapanda sitaha ya juu kwenye magodoro ya kuotea jua. Nikakuta sita wamenitangulia.

Lakini usikimbilie juu pia. Kadiri unavyopanda ndivyo meli inavyokurusha, na upepo wa Bahari ya Shamu huvuma zaidi kutoka kaskazini, kwa hiyo mkirudi kutoka kusini mnaukabili uso kwa uso. Kule mbele nako mawimbi yanagonga chini ya mto wako. Ukiniuliza mimi, lipia sitaha kuu, katikati ya meli. Kama imebaki ya chini tu, omba iliyo katikati, mbali na mashine.

Na kabla hujafungua begi, tafuta pa kutokea. Hili sisemi kwa woga. Nimepiga mbizi Ziwa Victoria kwa kazi miaka mingi, na sisi tulioitwa kwenda Mpatta, Mukono, Novemba 2018, baada ya boti ya starehe kuzama pale, hatuwezi tena kukaa ndani ya chombo bila kuhesabu milango. Mwaka uliofuata, tarehe 2 Septemba, meli ya wapiga mbizi iitwayo Conception iliungua kule California usiku watu wamelala chini. Walikufa 34. Njia zote mbili za kutokea kule chini ziliishia kwenye ukumbi ule ule uliokuwa ukiwaka. Kwa hiyo uliza: njia ya pili iko wapi, na inatokea wapi? Kwetu ilipita ndani ya kabini ya mbele, na wageni wa pale walikuwa wameiziba kwa masanduku. Tulimwambia kiongozi wa mbizi, yakaondolewa siku hiyo hiyo. Uliza pia kama kuna baharia anayekesha usiku kucha. Betri za tochi na kamera usizichaji kabini ukiwa umelala. Chaji ukumbini, watu wakiwa macho.

Soketi za Misri ni za matundu mawili ya duara, plagi zetu za miguu mitatu haziingii. Nunua adapta Kampala. Choo kinavuta maji vizuri, ila karatasi haitupwi ndani, inawekwa kwenye ndoo. Maji ya kuoga hutengenezwa kutoka baharini, basi jimwagie haraka ufunge. Viatu walivikusanya kwenye kreti tulipopanda, na hatukuviona tena mpaka siku ya kushuka.

Starehe yenyewe iko kule nyuma, kwenye sitaha ya mbizi. Kila mtu ana kiti chake na mtungi wake wa hewa, na mtungi hauondoki mahali pake: ukirudi, vijana wanaleta mpira wa kompresa na kuujaza pale pale. Mimi niliyezoea kubeba mitungi begani kwenye matope ya Nakiwogo, gatini Entebbe, niliona kama nimestaafu. Siku inaanza saa kumi na mbili asubuhi, mbizi tatu au nne, na katikati ni kula na kulala. Chakula ni cha Kimisri, halali, kingi: maharage ya ful, wali, samaki, mikate. Bia ipo, lakini ukifungua moja mchana umemaliza mbizi za siku hiyo.

Jambo moja la sisi wa maji baridi: chumvi inakuinua. Siku ya kwanza nilifunga kiunoni vile vile vipande vya risasi vya kuzamishia ninavyofunga Entebbe, nikaelea kama kibuyu mbele ya wageni wote. Niliongeza kilo tatu ndipo nikazama. Na siku ya mwisho hakuna mbizi. Baada ya wiki ya kupiga mbizi kila siku usipande ndege kabla hazijapita saa 18 tangu mbizi ya mwisho, na meli nyingi zinataka zipite saa 24. Panga tiketi yako ya Cairo hivyo.

Kuhusu mama watoto, bei anayolipa hupungua kidogo tu, na akifika atabaki na wapishi kila mnapozama. Kwetu alikuwepo mke wa mgeni mmoja. Siku mbili za kwanza alitapika, ya tatu akapewa barakoa na mrija akaanza kuogelea juu ya matumbawe, na kuanzia hapo ndiye aliyekuwa akituambia kobe wako upande gani. Mwulize kwanza kama boti ya kwenda visiwa vya Ssese humchafua tumbo. Kama ndiyo, mwache Hurghada hotelini, mkutane ukishuka.