Flow, flower, flour, fluent, flu: ukoo ni mmoja au sura tu?

Mleta mada umeuliza kama flow, flower, flour na fluent ni ndugu maana yote yanaanza na fl, na unasema mwalimu kakwambia flower ni "kitu kinachotiririka", yani flow plus er kama teach inavyozaa teacher. Mkuu hapo umepigwa. Mi nafundisha tuisheni ya Kiingereza huku Mtwara na hili swali kila darasa jipya lazima liibuke, so ngoja nimwage nilichonacho.

Hiyo ya flow plus er ipo ila ni utani wa Waingereza wenyewe. Kwenye yale mafumbo ya maneno ya magazeti yao ukikutana na flower, mara nyingi jibu ni jina la mto, Nile, Thames, basi wanakuacha unahangaika na mawaridi weee. Nje ya mafumbo hakuna anayeongea hivyo.

Ukweli ni koo tatu. Flow ni Kiingereza asilia, na nduguye wa damu ni flood, mafuriko. Flower imeingia na Kifaransa baada ya wale Wanormani kuiteka Uingereza 1066, na Wafaransa waliitoa kwenye Kilatini, huko kuna florist muuza maua, flourish yani kustawi, hadi Florida ya Marekani ambayo Mhispania Ponce de León aliipa jina 1513 kipindi cha Pasaka, na Pasaka kwao walikuwa wanaiita ya maua. Ukoo wa tatu nao ni Kilatini ila wa kutiririka, fluere, na huu ndo unaua watu kwenye mtihani kwa sababu unafanana na flow sura na maana, ila damu mbalimbali kabisa. Humo kuna fluid, fluent (maneno yanakutoka bila kukwama), influence, na influenza ambayo ni neno la Kiitaliano, zamani waliamini nyota zinawamiminia watu ugonjwa kutoka juu, Waingereza wakalikata likabaki flu. Sisi tunasema mafua, toa herufi moja unapata maua, lakini hiyo ni bahati nasibu tu msije mkaanzisha uzi mwingine hapa.

Humo humo kuna affluent na effluent. Affluent ni mtu mwenye ukwasi, mali inatiririka kuja kwake. Effluent ni majitaka yanayotoka kiwandani. Kuna kiwanda kimoja nilipita nikakuta bango kubwa jekundu kwenye mtaro "DANGER! AFFLUENT", yani hatari, matajiri! Nilicheka peke yangu barabarani kama chizi.

Sasa flour, hapa ndo patamu. Flour na flower ni neno moja kabisa, siyo ndugu, ni lile lile. Unga laini uliochekechwa uliitwa ua la ngano, maana yake ile sehemu bora, na kamusi ya Samuel Johnson ya 1755 ilikuwa bado haijayatenganisha. Tahajia ndo ikaja kugawanyika baadaye, matamshi yakabaki yale yale, flawa na flawa, kwahiyo ukisikia mtu anataka two kilos of flawa angalia yuko dukani kwa Mangi au kwenye bustani. Na mabaki ya maana ya zamani yapo hadi leo, kwenye kemia salfa ya unga laini inaitwa flowers of sulphur. Wa Mtwara na Lindi mnaijua salfa, ule unga wa njano tunaopuliza na blowa alfajiri umande haujakauka, mikorosho inapotoa maua, kuzuia ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe. Wanafunzi wangu nikiwapa huu mfano hawasahau, wengi nguo zao zinanuka salfa msimu mzima.

Mahali pekee ambapo nimeona maua na kutiririka vinakutana kweli ni Biblia ya King James ya 1611, Walawi 15:24, hedhi ya mwanamke imeandikwa "her flowers". Ya Kiswahili haina maua hapo. Siku hizi ni flow, nesi akikuuliza heavy flow ujue anauliza damu inatoka nyingi, siyo mafuriko ya Jangwani kule Dar.

Flow ya wasanii, ile "jamaa ana flow kali", ni hii hii ya maji, mistari inashuka bila kukatika. Ila fleva ya Bongo Fleva haimo kwenye ukoo wowote kati ya hii, flavour ni mambo ya ladha na harufu.

Na kwa aliyeuliza pale juu kuhusu past tense, flow ni flowed basi. Flew na flown ni za fly, kuruka. Ukiandika the river flew umeurusha Ruvuma angani, na tenki likijaa likamwaga ni overflowed, overflown ni pale ndege imepita juu yake.