Mtoto anaimba a-e-i-o-u lakini hawezi kusoma "kaka"

Dada, umesema mwanao wa miaka mitano anaziimba herufi zote bila kukosea, ila ukimwonyesha neno "kaka" anabaki kukutazama. Usimkaripie. Ameshika wimbo, bado hajashika kwamba kila herufi ina sauti yake.

Weka daftari pembeni kwanza. Chezeni kwa masikio: taja neno, apige kofi kwa kila silabi. Me-za, makofi mawili. Ki-ti-nda-mi-mba, matano, na hapo atacheka. Akizoea, mwulize "meza" inaanza na sauti gani. Ajibu "mmm", si jina la herufi.

Kisha chukua vizibo vya chupa, uandike silabi moja moja kwa kalamu ya wino mzito: ka, ka, ta, ma, ma. Anza na hizo tu. Mpe "ta" na "ka" azisogeze mwenyewe kwa kidole huku akitamka: taka. Sasa avibadilishe nafasi: kata! Hapo ndipo wengi hushtuka, maana wanaona neno limegeuka mikononi mwao. Mwache arudierudie hata mara kumi, usimharakishe kwenda silabi mpya.

Kuandika kwa kidole kwenye mchanga nako kunasaidia, ila b na d usizifundishe siku moja. Zinafanana mno, atazichanganya.

Dakika kumi kwa siku zinamtosha. Acheni wakati bado anataka kuendelea, kesho atavitafuta vizibo mwenyewe.