Uliza Ujibiwe: Kimbunga kinakuja, mbona watu hawatoki?

Swali: Habari za kazi. Mdogo wangu yuko Florida mwaka wa sita sasa, kila kimbunga kikitangazwa mi ndo nakosa usingizi, yeye ananiambia "ngoja kwanza tuone kinaelekea wapi". Mwaka 2024 kilipokuja Milton alitoka siku ya mwisho kabisa baada ya mimi kumfokea kwenye simu. Hivi wanakuwaga na shida gani hawa? Serikali ikisema hama si unahama tu?
*Kaka mwenye presha*

Jibu: Pole kaka. Na mimi zamani nilikuwa nawaona wabishi tu. Ila hebu angalia kalenda ya mwaka huo: Helene kilipiga Florida usiku wa tarehe 26 Septemba, Milton kikatua tarehe 9 Oktoba, hata wiki mbili hazijaisha. Yaani mtu katoka juzi, kalala hoteli kwa hela yake, kakosa siku za kazi, karudi kakuta magodoro yaliyoloa na makabati ya watu yamerundikwa nje hayajazolewa, halafu anaambiwa fungasha tena, na akienda kituo cha mafuta anakuta pampu zimefunikwa maana petroli imekwisha. Na bosi bado hajasema kama kesho kazi ipo au haipo. Hapo "hama tu" inakuwa nyepesi kwa anayesema, sio kwa anayehama.

Halafu kuna hili la kutoka bure. Umetoka mara mbili kimbunga kikakata kona, mara ya tatu hata ungekuwa wewe ungesema ngoja kwanza tuone.

Sasa next taimu usimfokee, muulize swali moja: uko zoni gani? Kaunti za pwani kule Florida zimegawa maeneo kwa herufi, A, B, C na kuendelea, A ndo wa kwanza kutoka. Hizo herufi hazipimi upepo, zinapima maji ya bahari ambayo kimbunga kitayasukuma yapande nchi kavu, na hayo maji ndo yanayobeba nyumba na watu wake. Akiwa nje ya zoni zilizotajwa kwenye amri ya kuhama na nyumba yake ni imara huenda hahitaji kutoka kabisa, tena akiingia barabarani anamzibia njia mtu wa zoni A. Akiwa anaishi kwenye nyumba ya trela hapo hakuna mjadala, anatoka hata kama bahari iko mbali. Na sio lazima akimbilie jimbo lingine, mara nyingi makumi machache ya kilomita kwenda bara yanatosha. Mwambie pia asidanganywe na namba wanayopangia vimbunga, ile 1 mpaka 5 inahesabu upepo tu. Katrina ya mwaka 2005 kilitua Louisiana kikiwa namba 3, na maji yakauzamisha mji wa New Orleans.

Swali: Kama setilaiti zinakiona kimbunga wiki nzima kabla, kwanini amri isitolewe mapema, siku tano hivi, kila mtu akaondoka taratibu?

Jibu: Kwa sababu siku tano kabla hawajui kitatua wapi. Kukiona ni jambo moja, kujua kitageukia wapi ni lingine, kosa la digrii kidogo leo linakuwa mji mwingine kabisa keshokutwa. Na huku nyuma saa inawabana, maana kuhama kunatakiwa kuishe kabla upepo haujafika, sio kabla jicho la kimbunga halijafika. Upepo ukifika kama kilomita 65 kwa saa ambulensi nyingi zinaacha kutoka na madaraja marefu yanaanza kufungwa. Kwahiyo wanahesabu kurudi nyuma: kama mji unahitaji saa 36 kutoka, amri lazima itoke wakati ambao bado hawana uhakika. Ni kubeti, na unabeti na maisha ya watu.

Ukitaka kujua kubeti huko kunavyouma soma habari za kimbunga Rita, Septemba 2005. Wiki tatu na kidogo zilikuwa zimepita tangu Katrina, watu wa Houston, Texas, wameona maiti kwenye TV, kwahiyo walioambiwa watoke wakatoka na ambao hawakuambiwa nao wakatoka, zaidi ya watu milioni 2 barabarani kwa mpigo. Foleni ya kilomita 160. Watu wanazima AC kwenye joto kali ili petroli isiishe, na inaisha hivyo hivyo, magari yanaachwa pembeni. Kuna basi lilibeba wazee kutoka nyumba ya kulelea wazee, baadhi yao wanapumulia mitungi ya oksijeni, wametoka mchana wakasafiri usiku kucha kuelekea Dallas, safari ambayo siku ya kawaida ni kama saa 4. Beringi za tairi la nyuma zilikuwa zimekosa grisi. Alfajiri zikapata moto, moto ukapanda ndani, mitungi ikalipuka. Wazee 23 wakafa, wengi walikuwa hawawezi kutembea wenyewe. Kwa jumla waliokufa kutokana na ile safari walizidi 100, na Rita yenyewe ikakata kona ikatua mpakani mwa Texas na Louisiana.

Sasa mwaka 2017 Harvey ikaja, viongozi wa Houston wakasema safari hii bakini majumbani, huwezi kumwaga mamilioni barabarani kwa siku mbili. Mvua ikanyesha siku kadhaa mfululizo, mji ukazama, watu wakatolewa kwa boti. Wakalaumiwa tena. Mi hapo siwezi kumhukumu meya yeyote.

Swali: Si wafungue tu barabara pande zote mbili watu watoke?

Jibu: Wanafanya, baada ya aibu ya kimbunga Floyd mwaka 1999, barabara kuu ya I-26 ya South Carolina ilivyoganda kwa foleni, majimbo mengi yaliweka mpango huo, na kwa Katrina ulisaidia zaidi ya watu milioni moja kutoka. Ila kila mchepuko wa kuingilia unahitaji polisi wa kuuziba, tenka la mafuta linalotakiwa kuingia mjini linakosa pa kupita, na pale njia zinaporudi kuwa za kawaida foleni inazaliwa upya. Siku hizi Florida wanaona bora waruhusu magari yapite kwenye ukingo wa barabara.

Swali: Na asiye na gari je?

Jibu: Huyo ndo ninayemfikiria kila wakisema "wamekataa kuhama". Kwenye Katrina, New Orleans amri ya lazima ilitolewa Jumapili tarehe 28 Agosti 2005, kimbunga kikafika Jumatatu asubuhi. Maelfu hawakuwa na gari. Na tazama tarehe: mwisho wa mwezi, anayeishi kwa hundi ya malipo inayoingia tarehe 1 mfukoni hana kitu, utamwambia akalale hoteli gani? Mabasi ya shule yalikuwepo, mengi yakakutwa yamezama yakiwa yamepangwa vizuri kwenye maegesho. Madereva nao wana familia, walikuwa wameshaondoka. Waliokufa Louisiana wengi walikuwa wazee. Basi bila dereva, bila anayejua mzee yupi anakaa ghorofa ya ngapi na anatumia dawa gani, ni chuma tu.

Swali: Tuko Louisiana, mume wangu anasema hatoki bila mbwa wake wawili. Nimuache?

Jibu: Usimuache dada, hayuko peke yake. Kwenye Katrina wengi walibaki kwa sababu waokoaji na kambi hazikupokea wanyama, ndo maana mwaka 2006 Marekani ikapitisha sheria kwamba mipango ya uokoaji ihesabu na wanyama wa nyumbani. Lakini sio kila kambi inawapokea, kwahiyo pigeni simu sasa hivi wakati hakuna kimbunga, muulize ipi inapokea na inataka nini. Nyingi zinataka cheti cha chanjo, mkanda na kizimba kwa kila mbwa. Vizimba viwili vinunulieni mapema, na mvipime kabisa kama vinaingia kwenye gari lenu na nyie mkiwemo.