Maswali yenu: kontenti ya kuishi miaka, si ya jioni moja

Wiki hii simu imejaa maswali ya kontenti, hizi vidio mnaposti mtandaoni. Nimechukua saba, yenye yanafanana nimeyaunganisha.

Niposti saa ngapi ndio vidio itrendi? (Kijana, Kondele)

Hii nimeijibu hapa zaidi ya mara tatu. Fungua takwimu za akaunti yako, ziko hapo bure, zitakuonyesha watu wako huingia saa ngapi. Kama wengi wao ni wafanyabiashara wa soko la Kibuye, Kisumu, Jumapili wako sokoni siku nzima, waache wauze. Lakini vidio ikiwa haina kitu hakuna saa itaiokoa.

Napika na kuposti kila siku. Siku ya kwanza napata watu mia mbili hivi, kesho yake vidio imekufa. Nakosea wapi? (Dada wa Migosi)

Dada yangu, nimeangalia zako zote, na mkono wa kupika unao. Shida ni kichwa cha vidio. Umeandika "Chakula cha leo, karibuni", sasa nani atatafuta hiyo? Mtu huandika "omena isiwe chungu naipika aje", na hilo swali lilikuwepo mwaka jana na mwaka ujao litakuwepo, juu kila mwaka kuna mtoto wa mtu ametoka kwao, amepanga chumba cha kwanza, amesimama mbele ya jiko na omena ya shilingi hamsini hajui aanze wapi. Huyo ndio unamwongelesha.

Mimi ile vidio yangu ya omena niliirekodi jikoni kwa mamangu na simu ya skrini imepasuka, hakuna muziki, ni mikono yake tu. Unaona maji moto yakigeuka rangi, mchanga ukibaki chini ya karai, anaosha tena, anaosha tena, halafu kwa sufuria unasikia mafuta yakipiga kelele na anasema ngoja hadi yanyamaze kidogo, hapo ujue imekauka, sasa ndio uweke kitunguu na nyanya. Miaka imepita na bado watu huniandikia kwamba wametumiwa na shangazi yao. Mtu hashei kwa sababu anakupenda, anashea juu kuna mtu amemkumbuka. Kwa hivyo kabla uwashe kamera jiulize, huyu akiona hii atamtumia nani? Ukikosa jibu, usirekodi bado.

Halafu hii ya kila siku punguza, fanya moja kwa wiki uifanye vizuri. Andika maneno juu ya picha, kwa sababu wengi wanatazama bila sauti wakiwa ndani ya matatu. Na usitegemee kwamba WhatsApp itaisambaza yenyewe, tangu 2020 ujumbe uliotumwa mara nyingi unaenda kwa chati moja moja tu.

Naeza kuchukua klipu ya mtu wa TikTok niweke sauti yangu? (Wawili, Kakamega na Busia)

Muombe ruhusa. Akikataa, wacha. Kazi ya mtu ina mwenyewe, sheria ya hakimiliki ya Kenya iko tangu 2001. Na ukiiweka Instagram na ile alama ya TikTok juu yake, Instagram wenyewe walishasema 2021 kwamba vidio kama hizo hawatazisukuma mbele.

Nimeona mtu anauza subskraiba 1,000 wa YouTube. Ninunue nianze kulipwa? (Kijana, Nyamasaria)

Hapana. Kwa pesa ya matangazo YouTube inataka hao 1,000 pamoja na masaa 4,000 ya kutazamwa ndani ya miezi 12, ama Shorts, zile vidio fupi, zitazamwe mara milioni 10 kwa siku 90. Wale wa kununua hawatazami chochote, masaa utayatoa wapi? Na akaunti inaeza kufungwa. Hiyo pesa nunua kipaza sauti kidogo cha kubana kwa shati, sauti zenu zinaniumiza masikio.

Mimi hufundisha historia, naweka vidio za Nakuru lakini vijana hawataki. Niache? (Mwalimu, Nakuru)

Usiache mwalimu, tafadhali. Lakini unaanza na "Nakuru ilipandishwa kuwa jiji 2021", hiyo kila mtu anajua. Enda pale ziwani, anza na miti iliyokauka ikiwa imesimama ndani ya maji, uliza mbona ziwa limepanda hadi lango kuu la mbuga likahamishwa, halafu ndio uturudishe nyuma. Mtu atabaki juu anataka jibu. Na kitu chochote cha kubadilika, kama bei ya kiingilio, taja mwezi na mwaka, ndio mtu wa 2030 asipotee.

Niliposti ajali ya boda nikapata laiki elfu moja kwa saa moja, sasa watu wananitusi. Kwani kosa ni nini? (Hakutaja mahali)

Ndugu yangu, itoe. Acha kusoma, itoe kwanza, halafu rudi.

Mjomba wangu alifia barabarani. Binti yake alijua kupitia stetasi ya mtu hata hawajuani vizuri, aliitambua jaketi, ile ya kijani yenye alimnunulia mwenyewe Krismasi. Hakuna mtu alikuwa amempigia bado, sisi wengine tulikuwa njiani tukienda kumwambia tukiwa tumekaa chini. Hadi leo hiyo picha iko kwa simu za watu, na aliyeipiga sidhani anaikumbuka.

Hizo laiki elfu moja kesho zimeisha na wewe utahitaji ajali ingine. Kama hiyo kona inaua watu, rudi mchana, onyesha kona yenyewe, mahali bango linafaa kuwa na haliko, uliza waendeshaji wa steji wakueleze. Hiyo watu wa hapo wataishea kila mwaka hadi barabara irekebishwe, na hakuna mtoto atamwona babake hapo.

Niongee Kizungu, Kiswahili ama Dholuo? (Wengi sana)

Ile unamweleza nayo nyanyako. Ikiwa Dholuo, andika Kiswahili chini.